Waganga wa Pointi Bwenini

Kila matokeo ya moki yakitoka, bweni letu hugeuka kilinge. Kunatokea waganga wenye kalamu, wanakutazama karatasi, halafu wanakuambia, "Wewe udaktari sahau bana, jaribu kitu kingine." Muhula uliopita rafiki yangu aliambiwa hivyo. Tangu siku hiyo haji prepu ya asubuhi. Ati ya nini, na mlango umeshafungwa?

Mimi napinga uganga huo, na sababu yangu ya kwanza ni kwamba hesabu yenyewe wanaikosea! Wao hujumlisha masomo manne ya klasta basi. Chukua mwanafunzi mwenye A ya Biolojia, A- ya Kemia, A- ya Hisabati na B+ ya Kiswahili. Hizo ni 12, 11, 11 na 10, jumla 44 kati ya 48. Waganga husimama hapo. Lakini kuna masomo saba pia, tuseme yamempa 76 kati ya 84. Zidisha 44/48 kwa 76/84, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Utapata kama 43.7, si 44. Katika kozi inayogombewa, sehemu ndogo kama hiyo humwacha mtu nje.

Sasa sikieni hili, hasa nyinyi mnaosema Kiswahili ni somo la kupitisha wakati. Katika klasta ya udaktari somo la nne ni Kiingereza au Kiswahili. Mwanafunzi wetu huyo akipata A ya Kiswahili, 44 inakuwa 46, 76 inakuwa 78, na pointi zake zinafika 45.3. Insha na Fasihi zimempandisha pointi moja na nusu! Mwalimu wetu wa Kemia akisoma hapa asinikasirikie.

Pili, ile alama ya mwaka jana wanayoitaja kama amri si amri. Hakuna mtu aliyeiweka mapema. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka ule, basi. Nafasi zikiongezeka au waombaji wakipungua, inashuka, na wakijaa, inapanda. Tena kozi ile ile haina alama moja Nairobi na Maseno. Zamani, enzi za JAB, watu walijaza fomu kabla hata ya kufanya mtihani. Siku hizi tunaomba kwa KUCCPS tukiwa na matokeo mkononi, kwa hiyo wa Kidato cha Tatu anayekata tamaa sasa anakimbia mvua ambayo haijanyesha.

Na hapa kwetu ziwani tunaye Barack Obama, yule baba. Aliondoka Maseno School bila kuhitimu, akasoma kwa njia ya posta, akaandika barua nyingi kwa vyuo vya Marekani. Mwaka 1959 alienda Chuo Kikuu cha Hawaii, baadaye Harvard. Mganga gani wa bweni angempa hata pointi tano? Simtaji ili mtu atoroke shule, jamani, walimu msinielewe vibaya.

Sikatai kukadiria. Kadiria, lakini kwa fomula yote, na utumie alama za miaka kadhaa, si mwaka mmoja. Rafiki yangu tulikaa naye Jumapili tukapiga upya. Bado amepungukiwa, ila anajua sasa ni somo gani linalomvuta chini. Ni Hisabati. Jumatatu nilimkuta prepu kabla yangu.

Wengine leteni karatasi zenu chumba cha Chama Alhamisi baada ya michezo. Kikokotoo mje nacho, changu kimekufa betri.