Taa Mlangoni kwa Jirani



Mwaka jana, siku moja baada ya sikukuu ya Diwali, mama mmoja wa parokia yetu alipokea sahani ya ladu na vitamutamu vingine kutoka kwa jirani yake, Mhindu mwenye duka la vitambaa. Jioni ile, baada ya sala ya jumuiya, aliwasimulia wenzake. Baadhi yao walimkemea wakisema amepokea chakula cha mashetani, na kwamba yampasa akitupe kabla hakijaleta laana nyumbani. Mama yule akaenda akakimwaga jalalani. Kwa bahati mbaya binti wa jirani, anayesoma darasa moja na mwanawe, alikuwa akipita, akaona. Tangu siku hiyo milango miwili ile ilitazamana bila salamu.

Baada ya siku chache mama alinijia na swali moja tu: “Padre, nilikosa kupokea, au nilikosa kutupa?” Swali hilo si lake peke yake. Ni la kila muumini anayeishi mtaa mmoja na watu wasiosali kama yeye, nalo lahusu haki na amani kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo tumeona vema kulijibu hapa.

Asiyekujua hakuthamini, wasema wahenga. Basi tuanze kwa kujua. Kwanza tupambanue maneno. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Si kila Mhindi ni Mhindu. Wako Wahindi Waislamu, wako Wajaini, wako Wasikh ambao wengi wetu huwaita Makalasinga, na wako Wahindi Wakatoliki, kama Wagoa ambao wamesali pamoja nasi katika makanisa ya miji yetu kwa vizazi kadhaa. Anayewaweka wote katika kapu moja hajamjua hata mmoja.

Jina Diwali latokana na lugha ya Kisanskriti, na maana yake ni safu ya taa. Kilele cha sikukuu huwa usiku usio na mwezi, kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Katika usiku huo wa giza kuu, Wahindu hupanga vitaa vya udongo vyenye utambi na mafuta au samli, mlangoni, madirishani na ukutani. Mahali pengi sikukuu huchukua siku tano. Siku ya kwanza watu hununua vyombo vipya vya nyumbani, au dhahabu na fedha kwa wenye uwezo. Siku ya pili hukumbukwa ushindi wa Krishna juu ya Narakasura, mfalme dhalimu aliyewateka maelfu ya wanawake, nao wakafunguliwa. Siku ya tatu, iliyo kubwa, nyumba iliyofagiliwa na kupambwa kwa unga wa rangi kizingitini humngojea Lakshmi, ambaye kwa imani yao ndiye mwenye neema na mafanikio. Siku inayofuata ni mwaka mpya kwa watu wa Gujarati, na katika mahekalu yao hupangwa vyakula vya kila aina mithili ya mlima. Siku ya tano ni ya ndugu: dada humkaribisha kaka yake, humwombea na kumlisha, naye kaka humpa zawadi.

Masimulizi ya sikukuu hii ni mengi. Linalojulikana zaidi, hasa kaskazini mwa India, ni la Rama, mwana wa mfalme aliyekaa uhamishoni miaka 14. Baada ya kumshinda Ravana, mfalme wa Lanka aliyemteka Sita mkewe, alirudi Ayodhya, na watu wakamwashia taa njiani. Wajaini hukumbuka siku hiyo kuwa ndiyo Mahavira, mwalimu wao mkuu, alipoaga dunia hii na kupata ukombozi kamili.

Lakini simulizi ambalo sisi wa Haki na Amani hatuna budi kulisikiliza kwa makini ni la Wasikh. Wao huiita sikukuu hiyo siku ya kuwafungua wafungwa. Yasimuliwa kwamba Guru Hargobind, kiongozi wao wa sita, alifungwa katika ngome ya Gwalior wakati wa mfalme Jahangir, mwanzoni mwa karne ya 17. Alipopewa ruhusa ya kutoka, alikataa kutoka peke yake huku akiwaacha watawala wadogo 52 waliofungwa pamoja naye. Akaambiwa watatoka wale tu watakaoweza kushika vazi lake. Basi akashonewa joho lenye vishada 52, kila mfungwa akashika chake, wakatoka wote. Ndugu wasomaji, ni wangapi kati yetu, tukifunguliwa mlango, tungekumbuka kuuliza nani anabaki ndani?

Kuna desturi nyingine inayotugusa sisi wa Afrika Mashariki, kwa maana hapa wafanyabiashara wengi wa Kihindu wana asili ya Gujarati. Wakati wa Diwali hufunga daftari za hesabu za mwaka uliokwisha na kuziombea baraka daftari mpya. Hutamka mambo mawili pamoja: yaliyo mema, na faida. Mpangilio huo una mafundisho. Faida isiyo njema haistahili kuandikwa katika daftari lililoombewa. Hapa twasema wazi, bila kumwonea mtu wala kumbembeleza: mwajiri anayewasha taa mia mlangoni huku mfanyakazi wa stoo hajalipwa mshahara wa miezi miwili, hajaelewa sikukuu yake mwenyewe. Na Mkristo anayewasha mshumaa wa Pasaka huku akimpunja mtumishi wa nyumbani, au aliyekopa dukani akahama mtaa ili asilipe, naye hajaielewa yake. Mizani ya uongo haina dini.

Hata furaha yenyewe ina upande wa kuchunguzwa. Huko India, mji wa Sivakasi katika jimbo la Tamil Nadu ndio kitovu cha utengenezaji wa fataki, na kwa miaka mingi ulilaumiwa kwa kutumikisha watoto katika kazi hiyo ya hatari. Moshi nao uliifanya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, mwaka 2018, kuweka masharti makali juu ya fataki. Wahindu wengi wenyewe wamehimiza kurudia vitaa vya udongo. Basi uchunguzi wa dhamiri si mali yetu peke yetu.

Sasa tujichunguze sisi. Tuna methali isemayo: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Twaitaja kwa kicheko, lakini ukiitafakari yatuhukumu sisi wasemaji. Yakiri kwamba twahitaji alicho nacho mtu, na hapo hapo twamkataa mwenyewe. Dharau ya namna hiyo ikikua hufika mbali. Mwezi Agosti 1972, Idi Amin aliwapa watu wa asili ya Asia siku 90 za kuondoka Uganda. Makumi ya maelfu waliondoka wakiacha nyumba, maduka, shule na mahekalu. Wengi wao walizaliwa pale pale. Ni kweli kwamba ukoloni uliwapanga watu kwa rangi, ukampa Mhindi nafasi ya kati na Mwafrika nafasi ya chini, na donda hilo halikuwa la kubuni. Lakini haki haipatikani kwa kumfukuza jirani usiku. Yapatikana kwa sheria iliyo sawa kwa wote na ujira unaostahili.

Tena tusisahau kwamba wapo waliokula chumvi pamoja nasi. Makhan Singh, aliyelelewa katika familia ya Kisikh, alidai hadharani uhuru wa Kenya mwaka 1950. Alikamatwa mwezi wa Mei mwaka huo, akazuiliwa mahali pa upweke hadi mwaka 1961. Naye Pio Gama Pinto, Mgoa, alifungwa na wakoloni kwa ajili ya uhuru huo huo, akauawa kwa risasi jijini Nairobi mwaka 1965. Hao hawakutaka kutoka gerezani peke yao.

Twarudi kwa swali la mama yetu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, uliitaja dini ya Kihindu kwa jina, ukafundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipozuru India, aliadhimisha Misa mjini New Delhi tarehe 7 Novemba 1999, siku yenyewe ya Diwali, na siku hiyo hiyo akakutana na viongozi wa dini mbalimbali. Hakuona haya kuitaja sikukuu yao ya nuru.

Je, hiyo maana yake ni kwamba dini zote ni sawa, na twaweza kusujudu popote? La hasha. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliwapa kanuni iliyo wazi. Mkristo hashiriki ibada ya sanamu, kwa sababu meza ya Bwana ni moja. Lakini akialikwa na asiyeamini, na ale kinachowekwa mbele yake bila kuulizauliza. Akiambiwa waziwazi kwamba chakula hicho kilitolewa sadaka, na akatae kwa upole, kwa ajili ya dhamiri ya aliyemwambia. Kukataa kwa upole na kutupa jalalani ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kwa hiyo, mama, hukukosa kupokea. Ulipewa kama jirani, ukapokea kama jirani. Na kosa la kutupa si lako peke yako. Ni letu pia sisi tuliokufundisha kuogopa tusikufundishe kupambanua.

Twawaomba viongozi wa jumuiya na Halmashauri ya Walei mambo matatu. Kwanza, someni pamoja sura ya nane na ya kumi ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, mkajadili ujirani wenu kwa mifano halisi. Pili, watoto wetu wafundishwe kutomwita mwenzao kwa jina la kejeli kwa sababu ya rangi au dini yake. Tatu, kila mwajiri Mkristo afungue daftari lake kabla ya Noeli, aone nani anamdai.

Neno la mwisho. Vile vitamutamu vilimwagwa, lakini sahani ilibaki nyumbani kwa mama, imeoshwa, imewekwa juu ya kabati, naye haya ilimzuia kuirudisha. Nilimkumbusha desturi yetu kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Jumamosi iliyofuata alikaanga maandazi, akaijaza, akavuka njia, akabisha hodi na kuomba radhi. Aliyepokea sahani mlangoni ni yule binti.