Sauti Isiyofika Safu ya Nyuma

Katika daftari la kamati yetu umo ukurasa ambao hatukupenda kuuandika. Ni ukurasa wa mahudhurio ya darsa ya akina mama, inayofanyika kila Jumamosi alasiri katika chumba cha madrasa. Mwalimu wao alihamia mji wa mbali, hivyo husomesha kwa njia ya intaneti, nao humfuatilia katika kompyuta mpakato iliyowekwa mbele juu ya kimeza. Mwezi wa kwanza walikuwa 31. Mwezi wa tatu walibaki 14, na karibu wote waliopungua walikuwa watu wazima. Sisi tulisingizia mvua.

Bibi mmoja tuliyekutana naye njiani ndiye aliyetufumbua macho. Baada ya kumwamkia tulimuuliza mbona haonekani, naye akajibu bila kuficha: "Mwanangu, mimi nilikuwa nakuja kukaa tu. Wa mbele wakicheka nami nacheka, wakiitikia nami naitikia, lakini kinachosemwa sikijui. Sasa ya nini kujichosha na ngazi zile?"

Tukaitisha kikao. Rai yetu ilikuwa kununua amplifaya na spika mbili kubwa za ukutani, jambo ambalo lingemeza karibu akiba yote ya mfuko wa madrasa. Mweka hazina akakataa katakata. Tunakiri kwamba siku hiyo tulitoka tumenuna.

Ndipo tulipoanza kuitazama kompyuta yenyewe. Spika zake ni vijidude vyembamba vilivyobanwa ndani ya kasha lisilozidi unene wa vidole viwili, na katika kompyuta nyingi matundu ya sauti yako upande wa chini. Aliyeiunda alimkusudia mtu mmoja aliyeketi karibu, mikono yake juu ya vibonye. Hakuwakusudia akina mama 30 walioketi mkekani. Isitoshe, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takribani desibeli 6 mahali pa wazi. Ndani ya chumba kuta hurudisha sehemu ya sauti, hivyo upungufu si mkubwa kiasi hicho, lakini sauti inayorudi kutoka kwenye kuta tupu huja imechanganyika, na maneno hupoteza makali yake. Mtu mzima aliyepungukiwa usikivu husikia mvumo tu, asipambanue herufi.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, yako mambo ya kufanya. Kompyuta isiwekwe juu ya mto, godoro wala zulia, maana hapo matundu ya chini huzibwa. Iwekwe juu ya ubao au meza ngumu. Sauti iangaliwe mahali pawili: penye kompyuta yenyewe, na ndani ya programu inayotumika, kwani mara nyingi moja huwa juu na nyingine imeshushwa nusu bila mtu kujua. Kwa darsa zilizorekodiwa, programu ya VLC huweza kupandisha sauti kupita asilimia 100, ingawa ukizidisha maneno huanza kukwaruza. Tulifanya yote hayo. Safu ya pili ikasikia. Ya nyuma haikusikia.

Tukaenda dukani, na hapo tukakosea. Tulivutiwa na jozi ya spika ndogo zinazokula umeme wa tundu la USB, ambazo kasha lake liliandikwa kwa herufi kubwa: wati 1,000 PMPO. Laiti tungefanya hesabu ya darasa la saba. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5 tu. Spika isiyo na betri wala umeme mwingine itazipata wapi hizo wati 1,000? PMPO ni namba isiyo na kipimo kilichokubaliwa. Kila mtengenezaji huandika apendavyo. Msomaji atazame neno RMS, ambalo huonyesha nguvu ambayo chombo huweza kuihimili muda wote. Wati 5 za RMS ni bora kuliko maelfu ya PMPO. Spika zile hazikuwa mbovu, zinatosha mtu na watoto wake wawili mezani, lakini kwa chumba chetu zilikuwa fedha iliyopotea, na fedha hiyo haikuwa yetu. Tuliirejesha mfukoni kutoka kwenye posho ya nyumbani. Mama watoto ni shahidi.

Mara ya pili tuliomba tujaribishiwe pale pale dukani, kwa mazungumzo na si kwa muziki, kwa sababu spika nyingi za bei ndogo hutiwa mdundo mzito unaopendeza sikioni huku maneno yakizama. Tukachagua spika mbili za kubeba mkononi, zenye betri ya kuchaji na tundu la waya, kila moja wati 5 za RMS. Tukaongeza pini ya matawi mawili na nyaya mbili za mita 5. Vyote havikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya amplifaya ile tuliyoitaka.

Lakini kilichotuokoa zaidi ni mahali tulipoziweka. Tulianza kwa kuzipanga mbele, ubavuni mwa kompyuta, kama kila mtu afanyavyo, na safu ya mbele ikalalamika kelele huku ya nyuma ikiendelea kutega masikio. Tulipozivuta kwa nyaya hadi katikati ya chumba, moja kila upande, juu ya vigoda, ikawa hakuna aliye mbali na spika kwa zaidi ya mita tatu. Tukapunguza sauti badala ya kuiongeza. Nyaya zipitishwe kando ya ukuta, asije mtu akajikwaa.

Mtu atauliza kwa nini hatukutumia Bluetooth tukaepukana na nyaya. Nyumbani inafaa sana. Ila kompyuta nyingi huunganika vyema na spika moja tu kwa wakati mmoja, na sauti yake huchelewa kidogo nyuma ya picha, hata midomo ya mwalimu ikawa inafunga kabla neno halijafika. Kwa anayesikiliza tu si neno. Kwa anayejifunza kutamka kwa kutazama midomo, ni taabu. Na ambaye tundu la waya la kompyuta yake limekufa asikimbilie kununua kompyuta nyingine: ipo adapta ya sauti, ndogo mfano wa flashi, huchomekwa kwenye USB na kuleta tundu jipya.

Jambo moja la nyumbani. Akiwapo mzee mmoja tu asiyesikia vizuri, msimpandishie nyumba nzima sauti. Hedifoni inayofunika sikio zima humtosha, nanyi mkapumzika. Watoto nao wachungwe. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtoto, na 80 kwa mtu mzima. Ikiwa wewe uliye kando yake unaisikia hedifoni aliyoivaa, ipunguze.

Jumamosi iliyopita daftari liliandika 27. Yule bibi alikuja, akaketi karibu na kigoda cha kulia. Katikati ya darsa aliinua mkono akamuuliza mwalimu swali, na mwalimu hakulisikia, kwa kuwa maikrofoni imo ndani ya kompyuta kule mbele. Binti mmoja ikambidi ainuke akalirudie. Maikrofoni ya waya tumeiandika katika ajenda ya kikao kijacho, na safari hii tumeanza kwa kumuuliza mweka hazina.