"Una watoto wangapi?" Swali linalowakosesha watu vyumba

Leo tuongelee swali moja ambalo kila aliyewahi kutafuta chumba Dar analijua. Dalali umeshampa chake, chumba umekipenda, mfukoni una kodi ya miezi sita. Baba mwenye nyumba anakuangalia juu mpaka chini, halafu anauliza: "Una watoto wangapi?" Ukisema wawili, basi tena. "Aa, chumba kimeshapata mtu."

Mi haya nimeyaona nyumbani kwetu. Dada yangu ana watoto wawili. Alikataliwa nyumba tatu mfululizo huko Mbagala. Ya nne akaamua kudanganya, akasema anaye mmoja tu. Yule mkubwa, wa miaka saba, akapandishwa basi kwenda kwa bibi, shule akaiacha katikati ya muhula. Likizo alipokuja kumsalimia mama yake, mwenye nyumba akamwona. Jioni hiyo hiyo dada akaambiwa atafute kwingine, na kodi yake bado haijaisha! Yaani mtoto kaja kumwona mama yake imekuwa kosa.

Tuwe wakweli lakini, wenye nyumba nao wana hoja. Nyumba ya vyumba sita, LUKU moja, choo kimoja, maji ya kununua. Watoto wanachora kuta, wanapigana, halafu mama zao nao wananuniana. Anayesuluhisha ni yeye.

Sawa. Ila hebu tujiulize: ni kipi hapo kisichoweza kuandikwa kwenye mkataba? Umeme unagawanywa, na fundi anaweza kumfungia kila mtu mita yake ndogo. Ukuta ukichafuka unapaka rangi ukihama. Na bachela mwenye sabufa na friji anakula umeme kuliko watoto watatu, mbona yeye haulizwi?

Sheria je? Ile ya mwaka 1984 iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi na inataja kabila, dini, rangi, jinsia na hali ya maisha, lakini kuwa na watoto haikutajwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumbagua mtoto, hata kwa sababu ya umri. Tatizo ni kwamba mtoto hasaini mkataba. Mwenye nyumba atakwambia, "Sijamkataa mtoto, nimemkataa mama yake." Mtoto analala wapi sasa?

Wenzetu Marekani walishapita hapa. Sheria yao ya makazi ya mwaka 1968 ilirekebishwa mwaka 1988, ikawa marufuku kumnyima mtu nyumba kwa sababu ana watoto chini ya miaka 18. Nyumba za wazee ziliachwa nje. Hata mwenye nyumba anayeishi humo humo kwenye jengo lisilozidi familia nne alipewa nafuu ya kuchagua wapangaji. Lakini kutangaza kwamba hataki watoto, hata yeye haruhusiwi. Huku kwetu dalali anaandika "hakuna watoto" mchana kweupe.

Sisemi tumlazimishe mzee anayelala chumba cha pili akae na watoto kumi wa watu. Nasema tuanze na mambo matatu. Moja, idadi ya watu na mgawanyo wa bili viandikwe kwenye mkataba. Mbili, aliyekwisha kulipa kodi asitolewe kwa sababu mwanawe kaja au amejifungua. Tatu, matangazo ya "hakuna watoto" yapigwe marufuku.

Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kaya ya Kitanzania ina wastani wa watu 4.3. Kwa hiyo anayemtaka mpangaji asiye na mtoto anaikataa familia ya kawaida kabisa. Matajiri hawaguswi na hili, wanapanga nyumba nzima na geti lao. Anayeumia ni mama wa chumba kimoja, na mtoto anayelelewa mbali naye.

Na hao wenye nyumba wenyewe, wengi walilelea watoto wao kwenye chumba cha kupanga kabla hawajajenga. Mmesahau, wazee?

Haya wadau, uwanja wenu. Wewe ulipoulizwa swali hilo ulijibu nini? Na kama una nyumba, tupe upande wako hapo chini. Matusi hapana.