Ngano za Kuacha Ngano

Mwezi wa nane mwaka juzi nilimpigia simu mama, yuko Kasulu, nikamwambia aache ngano. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nilikuwa nimepungua kilo 7 kwa miezi mitatu, goti langu la kushoto lililokuwa likinisumbua kwenye ngazi za ofisi lilikuwa limetulia, na kila aliyeniuliza siri pale kazini nilimpa jibu moja: ngano. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sasa mwanangu, niache ipi?"

Nilicheka. Nikadhani hajaelewa.

Mama anakula ugali wa muhogo, au wa mahindi akitaka kubadilisha, kwa maharage na mboga za majani. Dagaa wakipanda kutoka ziwani, dagaa. Ndizi zipo. Asubuhi ni chai na kiazi cha kuchemsha. Ngano kwake ni andazi moja siku ya gulio, mkate akija mgeni, na chapati siku ya Krismasi. Hivyo ndivyo wanavyokula watu wengi wa nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu mpaka Kibondo, hasa waliotoka mjini kidogo. Kumkataza mtu huyo ngano ni kama kumkataza kuogelea baharini.

Lakini mama ni mama. Mtoto aliyesoma akisema, basi. Aliacha andazi la gulio. Na vidole vyake vilipoanza kuvimba miezi michache baadaye, hakuniambia wala hakwenda hospitali. Alikuwa anasubiri ngano imtoke mwilini. Hayo maneno ni yangu, nilimwambia mwenyewe kwamba inachukua muda kutoka.

Kwa msomaji wa fasihi neno hili lina utani wake. Ngano ni nafaka, na ngano ni ile hadithi tuliyofundishwa sekondari: mwanzo maalumu, wahusika bapa, funzo mwishoni. Ushuhuda wa kuacha ngano unafuata kanuni zote hizo. Kuna mgonjwa aliyezunguka hospitali zote. Kuna zimwi lililojificha ndani ya nyumba, tena mezani. Anatokea mjuzi, siku hizi ana simu yenye kamera nzuri. Mwiko ni mmoja tu. Mgonjwa anautii, na siku ya ishirini na moja anatupa mkongojo. Hakuna daktari isipokuwa yule aliyeshindwa. Hakuna jembe, hakuna mlima, hakuna kuni kichwani, hakuna uzazi wa watoto saba. Goti katika hadithi hizi halijawahi kubeba kitu chochote maishani mwake. Limeumwa tu kwa sababu ya mkate.

Zimwi hili lina mwandishi. Mwaka 2011 daktari wa moyo kutoka Milwaukee, Marekani, anayeitwa William Davis, alitoa kitabu kiitwacho Wheat Belly, na kikauzwa kweli kweli. Hoja yake ni kwamba ngano ya leo si ile ya zamani. Imebadilishwa na kazi ya kuzalisha mbegu fupi zenye mavuno mengi, ile kazi iliyompa Norman Borlaug Nobeli ya Amani mwaka 1970. Ngano hii mpya, anasema Davis, inapandisha sukari mwilini kwa kasi, inaleta uchu kama wa dawa za kulevya, kitambi, na maumivu ya viungo. Nakiri kitabu kina mvuto. Jamaa ana utani, anajicheka mwenyewe, na anajua kumaliza sura ukiwa bado na hamu ya kuendelea.

Nilikisoma chote, ila nilikisoma nikiwa nimeshahubiri. Mahubiri niliyatoa kwenye klipu za Kiswahili. Humo kitabuni ndimo nilimokutana na maneno ambayo sijawahi kuyaona kwenye klipu hata moja. Davis anawaonya wanaoacha ngano wasikimbilie vyakula mbadala vilivyotengenezwa kwa wanga wa mahindi, wa mchele, wa viazi au wa tapioka, maana vinapandisha sukari vilevile. Tapioka ni nini, jamani? Ni muhogo! Yaani kitabu hichohicho wanachokitumia kumfukuza mama kwenye andazi, kingeingia jikoni kwake chenyewe, kisingehangaika na andazi. Kingeanza na sufuria ya ugali. Badala yake kingemletea mayai, nyama, jibini na lozi. Nenda soko la Kasulu ukaulizie jibini.

Ndipo ninapogombana na wahubiri wetu. Mtu akikisoma kitabu kizima akakubaliana nacho, tutabishana naye kwa heshima. Hawa wamechukua zimwi wakaiacha hoja, wakalipandisha basi mpaka kwa watu ambao hoja yenyewe, kama ni ya kweli, ingewahukumu kula wanachokula kila siku.

Mwaka jana nilikuwa Kibondo kwa kazi nyingine kabisa, habari ya bei ya maharage. Jioni moja mwenyeji wangu akanipeleka kwenye ukumbi ambako mshauri wa lishe kutoka mjini alikuwa anazungumza na watu kama arobaini, wengi akina mama. "Ngano ni ya Wazungu," alisema. "Rudini kwenye muhogo wa mababu." Makofi. Nikanyoosha mkono nikauliza akina mama hawa wanakula chapati ngapi kwa wiki. Mama mmoja mbele akaguna. Mshauri akajibu kwamba ngano ya siku hizi imejificha kwenye vyakula vingi. Sawa, Ulaya imejificha: kwenye supu za kopo, kwenye soseji, kwenye sosi. Kibondo ingejificha wapi, tumboni mwa dagaa? Mwishoni ukatolewa unga mbadala, kilo moja Sh 12,000. Nilimwona bibi mmoja akifungua fundo la kanga.

Na huo muhogo wa mababu, tuuseme vizuri. Muhogo ni mgeni kama ngano. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na mahindi nayo yametoka ng'ambo hiyohiyo ya bahari. Mwenye kutaka cha mababu hasa ale ulezi na mtama. Tena muhogo mchungu usiposindikwa vizuri una sumu, na ukiliwa hivyo kwa wiki nyingi bila protini ya kutosha unaweza kuleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao haurudi nyuma. Tarime uliwahi kupiga mwaka 1985, wakati wa ukame na njaa. Wanawake wetu wanajua, ndiyo maana wanauloweka na kuuanika kabla ya kuusaga. Mababu hawakusema muhogo ni dawa. Walisema uloweke.

Sasa nirudi kwenye kilo zangu 7, kwa sababu ni za kweli na sitaki kuzikana. Kabla ya kuacha ngano asubuhi yangu ilikuwa chapati mbili, zile za mtaani zinazong'aa mafuta, na chai ya vijiko vitatu vya sukari. Saa nne maandazi. Mchana soda. Nilipoacha chapati, chai ya sukari ilikosa mwenzake nikaipunguza. Maandazi yakaenda. Soda nayo ikaenda, maana nilikuwa kwenye dini mpya na kila kitu kitamu kilinuka dhambi. Nikaanza kushuka kituo kimoja kabla ya ofisi. Sasa niambie ni nini kilichonipunguza: gluteni, au mafuta, sukari na uvivu? Nikitazama hesabu, ningeacha wali wa sahani kubwa na soda, chapati moja nikaibakiza, ningepungua vilevile. Ila hakuna klipu inayoitwa "Punguza Kiasi".

Goti nalo lina maelezo yasiyohitaji zimwi. Watafiti wa Marekani waliowapima watu wanene wenye magoti yaliyolika, matokeo yakatoka mwaka 2005, waliona kwamba kila kilo moja ikipungua mwilini, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Kilo 7 mara nne ni 28. Nilikuwa nimeshusha zaidi ya nusu mfuko wa saruji kutoka kwenye goti langu, halafu nikampa sifa mkate ambao sikuula. Mama yangu ana kilo 48. Apungue nini?

Sitaki kuwa mhubiri wa upande wa pili. Wapo watu ambao ngano inawaumiza kwelikweli. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1950 jinsi watoto wenye ugonjwa wa seliaki walivyopata nafuu ngano ilipoondolewa kwenye chakula chao. Ugonjwa huo upo, unaharibu utumbo, unaweza hata kuumiza viungo, na una kipimo cha damu, ambacho unatakiwa ukifanye kabla hujaacha ngano, la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Mjuzi wa ukumbini Kibondo hakukitaja. Angekitaja nani angenunua unga?

Pia kuna utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2001, wagonjwa 66 wa baridi yabisi, zaidi ya nusu yao wakapewa chakula kisicho na gluteni wala kitu chochote cha mnyama kwa mwaka mzima. Baadhi walipata nafuu. Wahubiri wanaupenda sana, na wanasahau vitu viwili. Cha kwanza, watu hao waliacha nyama, maziwa, mayai na samaki pia, kwa hiyo huwezi kujua ni kipi kilichosaidia. Cha pili ndicho kilichonikalia kooni nilipokisoma: picha za eksirei hazikuonyesha kwamba kuharibika kwa viungo kulipungua. Maumivu yalishuka, mfupa ukaendelea kuliwa.

Na mtu akitaka kabisa kuichukia ngano, nitampa sababu. Aende Hanang. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye malisho ya Wabarbaig, pamoja na makaburi ya wazee wao, na kesi zikafika mahakamani. Baada ya yote hayo ngano yetu nyingi bado inakuja kwa meli, ndiyo maana vita ya Ukraine ya mwaka 2022 ilipandisha bei ya unga na chapati ya stendi ikasinyaa kama sahani ya kikombe. Hiyo ni ngano ninayoweza kuisoma kurasa mia nne. Haina mtu anayeisimulia kwenye klipu, sijui kwa nini. Labda kwa sababu haina mwisho wa kutupa mkongojo.

Nilifika Kasulu kutoka Kibondo siku ile ya pili yake. Mama alinipokea kwa mikono miwili kama kawaida, na nilipoishika nilijua. Vidole vilikuwa vya moto, vimevimba kwenye vifundo vya kati, mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya Krismasi. Asubuhi mikono haikunji mpaka jua lipande, kikombe anashika kwa viganja.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulisema inachukua muda."

Huku kwetu kila maumivu ya viungo yanaitwa baridi yabisi, na hapo ndipo pa hatari. Goti lililochoka kwa miaka ya kupanda na kushuka vilima na mzigo kichwani huuma ukilitumia, na ukipumzika linapoa. Huo ni ulikaji. Ugonjwa wenyewe wa baridi yabisi ni kitu kingine: kinga ya mwili inashambulia viungo vya mwili huohuo, mara nyingi vidogo vya mikono, pande zote mbili, na ugumu wa asubuhi unaweza kukaa saa nzima au zaidi. Una dawa. Methotreksati si mpya wala si ya ajabu, humezwa mara moja kwa wiki, damu ikipimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu. Lakini ni dawa inayotaka kuwahiwa, kwa sababu kiungo kikishapinda hakinyooki kwa kidonge. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye thamani, na hiyo ndiyo mama aliyoitumia kusubiri andazi limtoke mwilini.

Mtu ataniambia kosa ni langu, nisiwasingizie wengine. Langu ndiyo. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza mtu umejuaje, na kwa habari hii moja sikuuliza. Lakini wanaosimama kwenye kumbi na mbele ya kamera wakiwaambia watu wazima wenye vidole vya moto kwamba tatizo ni mkate, hao nao wana mama. Waanze na swali lake: niache ipi? Wasipokuwa na jibu, wafunge unga wao warudi mjini.

Tulipata daktari, safari tatu za basi na kipimo kimoja kilichosubiriwa wiki mbili. Mama sasa anameza vidonge vyake kila Jumapili baada ya misa, na asubuhi mikono inafunguka mapema zaidi. Kidole cha pete cha kulia hakijanyooka. Siku ya gulio ananunua andazi lake, analivunja kwa mkono wa kushoto.