Wasikilizaji waruhusiwe vyuoni

Mwalimu wa Historia anayeishi Ubungo hatafuti shahada nyingine. Anataka kujua utafiti mpya unasemaje kuhusu Vita vya Maji Maji, maana wiki ijayo atasimama mbele ya wanafunzi wake kufundisha mada hiyo hiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko jirani. Lakini aingieje? Hajui nani anafundisha nini, saa ngapi, ukumbi upi, wala ruhusa aombe kwa nani. Akiwa na rafiki mhadhiri, ataingizwa. Asipokuwa naye, basi tena.

Visingizio vya kuwafungia mlango wasikilizaji kama yeye, wasiodahiliwa, tumevisikia vya kutosha. Viti havitoshi, wanasema. Ni kweli kwa kozi za lazima za mwaka wa kwanza, ambako wanafunzi husikiliza wakiwa wamesimama mlangoni. Hizo zifungwe kwa wageni, hakuna atakayenung'unika. Lakini zipo kozi za mwaka wa tatu zenye wanafunzi wachache, na safu nzima za nyuma hazina mtu. Usalama? Mlinzi aandike jina na namba ya kitambulisho cha taifa, kama afanyavyo mlinzi wa ofisi yoyote mjini.

Eti wanafunzi wamelipa ada. Sawa, na kwa ada hiyo wanasahihishiwa kazi zao, wanafanya mitihani na wanatunukiwa shahada. Msikilizaji hapati hata kimoja kati ya hivyo, wala hakiombi. Mhadhara si sufuria ya wali, kwamba mgeni akikaribishwa wenyeji watalala njaa. Tena vyuo vya umma vinaendeshwa kwa kodi, na mama lishe anayeuza chakula nje ya geti anailipa kila anaponunua sabuni.

Wenzetu hawakungoja. Collège de France, jijini Paris, ipo tangu 1530. Haidahili wanafunzi, haitoi shahada. Yeyote anaingia bure na kuketi mpaka viti vijae. Ujerumani, vyuo vikuu vingi huandikisha wasikilizaji kwa ada ndogo ya muhula. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe, mihadhara ya Kigoda cha Mwalimu Nyerere imewakaribisha wananchi katika Ukumbi wa Nkrumah, na chuo hakikuanguka.

Kinachotakiwa ni karatasi moja. Kila mhadhiri aulizwe kama yuko tayari kupokea wasikilizaji, na wangapi. Aliyekubali, kozi yake iandikwe: siku, saa, ukumbi. Msikilizaji alipe hela kidogo ya kadi, akae nyuma, azime simu, awaachie wanafunzi wamalize maswali yao kwanza. Mhadhiri asiyetaka asilazimishwe.

Hakuna haja ya kamati wala semina elekezi. Idara ya Historia ianze muhula ujao kwa kozi mbili tu, na ratiba ibandikwe getini wiki moja kabla ya masomo kuanza.