NYUMBA SAFI BILA SUMU



Ndugu wasomaji wa Louisville, Columbus na Buffalo, mwezi huu safu yetu inazungumzia dawa za kusafishia nyumba. Sisi ni watu wa tahara, na usafi kwetu ni mlango wa sala. Lakini imeingia majumbani mwetu dhana kwamba dawa inukapo kwa ukali ndipo nyumba hutakata, na kwamba dawa mbili zikichanganywa nguvu huongezeka. Dhana hiyo ina hatari.

Mnamo Aprili 2020, wakati wa maradhi ya Korona, idara ya afya ya Marekani iitwayo CDC ilieleza kisa cha mwanamke aliyetaka kuosha mboga na matunda ya dukani. Alijaza sinki maji ya moto, akatia jiki na siki, akaviloweka humo. Punde akasikia harufu kali, akakohoa na kupumua kwa tabu, hata akachukuliwa na gari la wagonjwa. Alipona. Katika miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka ule, vituo vya ushauri wa sumu nchini vilipokea simu 45,550 kuhusu dawa za usafi. Miezi kama hiyo ya mwaka 2019 zilikuwa 37,822.

Sababu ni hii: jiki ikikutana na siki au ndimu hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu. Ikikutana na amonia, iliyomo katika baadhi ya dawa za vioo, hutoa gesi nyingine yenye madhara kama hayo. Hata mkojo uliokaa una amonia. Basi jiki isichanganywe na chochote ila maji baridi. Wenzetu wanaosafisha mahoteli na maofisi nao wazingatie hayo.

Wazee wetu walisugua masufuria kwa majivu na makumbi ya nazi, wakaondoa shombo ya samaki kwa ndimu. Hapa tulipo, siki nyeupe, magadi soda ya kuokea mikate na sabuni ya kawaida hutosha kwa kazi nyingi, na bei yake ni nafuu:

1. Vioo na meza: siki kikombe kimoja, maji kikombe kimoja. Usitumie juu ya marmar wala mawe mengine, kwani siki huyala.

2. Sinki, jiko na bafu: magadi soda yaliyokorogwa kwa maji machache yawe kama uji mzito. Sugua, kisha suuza.

3. Mifereji yenye chokaa: izungushie kitambaa kilicholowa siki kwa nusu saa, kisha uifute.

4. Zulia lililokojolewa na mtoto: kausha mkojo kwa kitambaa, mimina maji, kausha tena. Siki iliyozimuliwa iwe mwisho, kwa ajili ya harufu tu. Katika madhehebu ya Shafi, kinachotoharisha najisi ni maji. Siki haishiki nafasi yake.

Usichanganye siki na magadi ndani ya chupa na kuifunga. Viwili hivyo hubatilishana nguvu, na povu lake laweza kuipasua chupa.

Tukumbuke pia kwamba siki si dawa ya kutegemewa kuua vijidudu. Nyumbani kukiwa na mgonjwa wa kutapika au kuharisha, safisha kwanza kwa sabuni na maji, kisha utumie jiki peke yake kwa kipimo kilichoandikwa chupani, madirisha yakiwa wazi. Mwenye pumu asikae chumbani humo. Udi na ubani nao ni moshi. Wakati wa baridi, nyumba ikiwa imefungwa, fungua dirisha kidogo unapofukiza.

Neno kwa wakaao katika nyumba kuukuu, ambazo ni nyingi hasa Buffalo. Nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1978, ulipopigwa marufuku rangi ya madini ya risasi, huenda bado zina rangi hiyo. Vumbi lake hudhuru akili za watoto, wala siki haiondoi sumu yake. Usifagie makapi hayo yakiwa makavu. Futa vizingiti vya madirisha na sakafu kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, na watoto waoshwe mikono kabla ya kula. Jimbo la New York linataka kila mtoto apimwe damu kwa ajili ya risasi afikapo mwaka 1, na tena afikapo miaka 2. Ndugu wa Louisville na Columbus nao wamwulize daktari wa mtoto.

Kata sehemu hii uibandike jikoni: mtu akivuta au akinywa dawa, mtoe penye hewa safi, upige 1-800-222-1222. Simu hii ni ya bure, usiku na mchana, nawe waweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Akizimia au akishindwa kupumua, piga 911.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo. Amin.