Mfuko usio na riba ndio msingi wa nyumba

Safu ya Imani na Jamii
Na Salome Kihwelo

Waumini wanaojitolea kuwajengea nyumba watu wasio na makao bora husifiwa kwa wingi wa mikono iliyobeba matofali, ilhali uzito wa kazi hiyo umo katika mapatano yanayotangulia ujenzi: nani atamiliki nyumba, nani atailipia, na malipo hayo yatakwenda wapi.

Mapatano hayo yana historia yake. Mwaka 1942 Clarence Jordan, mkulima na msomi wa Agano Jipya kutoka madhehebu ya Kibaptisti, alianzisha pamoja na wenzake shamba la Koinonia karibu na mji wa Americus, jimbo la Georgia, Marekani, ambako weusi na weupe walikula meza moja katika zama za ubaguzi wa rangi, jambo lililowaletea risasi, mabomu na kususiwa mazao yao katika miaka ya 1950. Mwaka 1968 Jordan na Millard Fuller, mwanasheria ambaye yeye na mkewe Linda walikuwa wameuacha utajiri wao, walibuni mfuko wa mzunguko, yaani mfuko unaogharimia ujenzi, kisha ukapokea marejesho ya familia iliyopata nyumba, bila faida wala riba, na kuyatumia kuijengea familia nyingine. Kuanzia 1973 akina Fuller waliuendeleza utaratibu huo Mbandaka, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, na waliporejea kwao mwaka 1976 wakaanzisha shirika la Habitat for Humanity. Kwa hiyo mpango ambao wengi huudhania kuwa msaada wa Marekani kwa Afrika ulikomaa katika ardhi ya Kongo kabla shirika lenyewe halijazaliwa.

Nguzo ya pili ya mpango huo, baada ya mfuko, ni mtaji wa jasho, maana yake saa za kazi ambazo familia husika huzitoa katika ujenzi wa nyumba yake na ya jirani, zikiwa sehemu ya mchango wake. Kwa utaratibu huu mwenye nyumba hasubiri kukabidhiwa ufunguo, bali huchanganya udongo na saruji bega kwa bega na mgeni aliyejitolea, hata mgeni huyo awe rais mstaafu, kama Jimmy Carter aliyeanza kazi hiyo mwaka 1984.

Mgeni naye hana budi kujifunza utii. Kozi ya matofali iliyopangwa bila kufuata kamba na timazi, kile kipande cha risasi au chuma kinachoning'inizwa kwa uzi ili kupima wima wa ukuta, hubomolewa na fundi na kupangwa upya, na saruji iliyopotea hulipiwa na mfuko. Aliyejitolea kwa dhati hukubali kusogeza maji, kuchekecha mchanga na kumwagilia ukuta, kwa sababu ukuta ukikauka upesi mno hupasuka, na ufa huo utabaki kwa familia baada ya wageni kuondoka.

Makanisa na misikiti ya Afrika Mashariki haihitaji kuazima msingi wa mpango huu. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza maskini riba, Kurani imeiharamisha riba, na fikihi inaitambua kardhi hasana, yaani mkopo wa hisani unaorejeshwa bila nyongeza. Msaragambo na harambee nazo zimekwisha kuwazoeza watu kazi ya pamoja. Kinachopungua ni kuunganisha mkopo usio na riba na kazi hiyo ya pamoja, kwani harambee hujenga zahanati na madarasa, lakini mara chache huacha mfuko unaoendelea kujenga.

Kwa hiyo kamati ya parokia au ya msikiti isitangaze safari ya kujitolea kabla haijahakikisha kwamba kiwanja kina hati, kwamba marejesho yanalingana na kipato cha familia, na kwamba daftari la mfuko liko wazi kwa kila mchangiaji. Kamati ikitimiza hayo, jasho la siku chache za mgeni litaijengea nyumba familia ambayo mgeni huyo hataifahamu kamwe.